Pale Ni Wapi?

Wahenga hawakukosea walipolonga kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Hata hivyo, wahenga hao hao hawakutuambia mawingu hayo yatamwaga maji yake wapi. Mpenzi msomaji, ukitaka kujua uzito wa hilo neno dogo "wapi", njoo ukae nasi hapa Kitengela mwezi wa Februari au mwanzo wa Machi, wakati jua linapowaka mpaka bati za madarasa zinalia ta! ta! na mbwa wa sokoni wanagombania kivuli cha mkokoteni mmoja.

Siku moja muhula wa kwanza tulikuwa darasani alasiri, jasho likitutiririka na vitabu tukivitumia kujipepea. Kufikia saa nane, mawingu meupe yalikuwa yameanza kupanda juu ya mbuga za Athi-Kapiti, yakifura kama povu la sabuni kwenye karai. Saa tisa yalikuwa yameiva, chini yake meusi kama sufuria ya jikoni. Ngurumo ikalia. Darasa zima likashangilia, na walio karibu na madirisha wakayafungua kuikaribisha mvua. Ilikuja? Wapi! Ulikuja upepo tu, ukatumwagia vumbi kwenye madaftari. Kesho yake wenzetu wanaotoka upande wa Athi River walituambia kwamba kwao ilinyesha mpaka mitaro ikafurika. Na kutoka huko hadi hapa shuleni ni pua na mdomo.

Rafiki yangu tunayekaa naye dawati moja akasema kwa sauti, "Hawa watu wa hali ya hewa ni waongo sana! Jana redioni walisema joto kali na mvua ya radi hapa na pale. Sasa hiyo ya hapa iko wapi?"

Darasa likaangua kicheko. Mimi sikucheka. Maneno hayo, "hapa na pale", yaliwahi kuipitia familia yetu kama moto wa nyikani, na aliyewasha kiberiti nilikuwa mimi.

Mimi nimezaliwa na kulelewa Kitengela, lakini kwetu hasa ni kule mbele ya Kajiado mjini, barabara ya Namanga, kabla ya kufika Bisil. Huko ndiko anakoishi babu, mzaa baba. Jina Kajiado lenyewe latokana na neno la Kimaasai, Olkejuado, yaani mto mrefu. Ajabu ni kwamba miezi mingi ukiuona mto huo ni mchanga mtupu, na watu huchimba mchanga wake wakitafuta maji. Kimaasai changu ni cha kuombea maji, kwa hivyo babu hunizungumzia kwa Kiswahili chake, na tunaelewana vizuri tu.

Babu hakwenda shule, lakini mbingu anaisoma kila jioni. Aliwahi kunieleza kwamba kwa Kimaasai neno Enkai ni Mungu na pia ni mvua. Kuna Enkai Narok, aliye mweusi, mwenye huruma na mvua. Na kuna Enkai Nanyokie, aliye mwekundu, mwenye hasira na ukame. Mimi nilizaliwa mwishoni mwa 2009, mwaka ambao ukame uliwamaliza ng'ombe wengi sana Kajiado. Mvua iliporudi, nami nikaja. Ndiyo sababu babu hupenda kuniambia, "Wewe ulikuja na mvua."

Nilipokuwa darasa la sita babu alinipa ndama jike mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Nikamwita Nyota. Babu akasema, "Huyu ni ya kalamu yako. Ukimaliza darasa ya nane, huyu na watoto yake watakupeleka sekondari." Nilikuwa nikifika kwake likizoni, kabla hata ya kunywa chai nakimbia kwanza zizini kumwona Nyota.

Sasa tuje mwaka wa 2022. Wengi wetu tunaukumbuka. Mvua ya vuli ya 2020 ilikuwa imekosa. Masika ya 2021 yakakosa. Vuli ya 2021 ikakosa. Masika ya 2022 nayo yakapita kama mgeni asiyebisha hodi. Hiyo ni misimu minne mfululizo. Katika likizo fupi ya Septemba nilikwenda kwa babu, nikawakuta ng'ombe wake 43 wamekonda, mbavu zao waweza kuzihesabu ukiwa mbali.

Babu alikuwa amefanya uamuzi. Angeuza ng'ombe 12 ambao bado walikuwa na nyama kidogo, na pesa hizo zinunue marobota ya nyasi kwa wale watakaobaki. Dalali alikuwa amefika, ameketi chini ya mgunga, fimbo mkononi. Alikuwa akitoa shilingi elfu kumi na nane kwa ng'ombe mmoja. Si bei nzuri, lakini ilikuwa bei. Katika wale 12, mmoja alikuwa Nyota.

Nilihisi moyo ukinidunda kama ngoma. Sikusema kitu, maana mtoto hawaingilii wazee wakizungumza. Lakini kabla ya kupeana mikono na dalali, babu alimwita baba mdogo alete simu. Ndani yake kulikuwa na utabiri wa mvua ya vuli, umeandikwa kwa Kiingereza, uliotumwa katika kundi la wafugaji. Baba mdogo alikuwa ameuangalia akaona maneno ni mengi, akauacha. Babu akanigeukia mimi.

"Wewe si umesoma? Hebu soma hiyo. Hao watu ya hewa wanasema nini?"

Niliichukua simu, nikasoma. Sikuelewa kila neno, lakini nilielewa ya kutosha. Ulisema kwamba kuanzia Oktoba hadi Desemba mvua huenda ikawa chini ya wastani katika sehemu nyingi za nchi, na yetu ikiwemo. Ulisema joto litakuwa zaidi ya kawaida. Mwisho ulisema kwamba hata hivyo huenda mvua ya radi ikanyesha hapa na pale. Nikamtazama Nyota. Naye alikuwa amesimama pale amenyoosha shingo, akilamba ukuta wa zizi.

Nikasema, "Babu, wanasema kutakuwa na joto, halafu kutakuwa na mvua ya radi hapa na pale."

Babu akanyamaza kidogo. Akauliza, "Pale ni wapi?"

Nikajibu bila kupepesa jicho, "Ni huku, babu. Ni huku kwetu."

Basi. Nilikuwa nimeruka sentensi mbili na kuongeza neno moja. Wakati ule sikuuona kuwa uongo. Nilijiambia kwamba "hapa na pale" hata kwetu ni pahali, na mvua yaweza kunyesha, nani ajuaye? Babu alicheka, akasema kitu kwa Kimaasai, na yule dalali akainuka akaenda zake. Jioni hiyo nilimkumbatia Nyota shingoni, nikajiona shujaa.

Msomaji wangu, majuto ni mjukuu, na mjukuu mwenyewe ndiye mimi.

Oktoba ilikuja na jua. Novemba ilikuja na mawingu. Kila alasiri yalipanda, yakafura, yakawa meusi. Usiku umeme ulimulika upande wa Maili Tisa na upande wa Tanzania. Baba mdogo alituambia kwa simu kwamba jioni moja mvua kubwa ilinyesha ng'ambo ya vilima. Wakawaswaga ng'ombe usiku kucha kuifuata. Walipofika wakakuta mifugo ya watu wengine imeshafika, na nyasi chache zilizochipuka zimekwisha. Ng'ombe saba hawakurudi kutoka safari hiyo, walianguka njiani. Babu aliporudi kumtafuta dalali, bei ilikuwa imeshuka hadi shilingi elfu tatu, na kwa wale wasioweza kusimama wenyewe hakuna aliyetaka hata kuwaangalia.

Nyota alikufa wiki ya kwanza ya Desemba. Nilipofika likizoni nilionyeshwa mahali tu. Kati ya ng'ombe 43, walikuwa wamebaki 9.

Najua hatukuwa peke yetu. Katika ukame huo wa misimu mitano, mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa nchini Kenya. Hata wanyama wa porini hawakupona: serikali ilitangaza kwamba kati ya Februari na Oktoba 2022 ndovu 205 walikufa. Huenda hata babu angeuza wale 12, wengine wangekufa vilevile. Baba hunieleza hivyo. Lakini 12 mara elfu kumi na nane ni shilingi 216,000, na hesabu hiyo hainitoki kichwani. Zingenunua nyasi nyingi. Nilipofanya mtihani wa KCPE mwaka wa 2023 nilipata nafasi katika shule ya bweni, lakini karo ilikuwa mlima. Ndipo nikaja hapa shule ya kutwa. Siijutii shule yetu, walimu wangu wasinielewe vibaya! Ninajutia tu njia iliyonileta.

Kwa muda mrefu niliuchukia utabiri wa hali ya hewa. Nilikuwa nikiwaita waongo, kama rafiki yangu, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kumwita mwongo yule aliyeusoma. Kilichonigeuza ni somo la Jiografia hapa hapa shuleni. Naomba nieleze kwa ufupi, maana nadhani kila mmoja wetu anafaa kuyajua haya.

Kwanza, hiyo radi ya hapa na pale huletwa na joto lenyewe. Jua likiichoma ardhi tangu asubuhi, hewa iliyo chini hupata moto na kupanda, kama mvuke wa sufuria ya ugali. Ikifika juu kwenye baridi, unyevu wake huwa wingu, na wingu likiendelea kupanda laweza kufika kilomita kumi na zaidi kwenda juu. Lakini upana wake ni kilomita chache tu, na mara nyingi maisha yake ni kama saa moja. Ndiyo sababu linaweza kuwalowesha watu wa Athi River chapachapa na kuwaacha wa Noonkopir na vumbi lao. Hakuna mtaalamu anayeweza kukuambia asubuhi kwamba wingu litapasuka juu ya boma la fulani.

Pili, maneno ya utabiri yana vipimo. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa iliyoko Dagoretti Corner ikisema mvua itanyesha "sehemu chache", maana yake ni chini ya theluthi moja ya eneo. Ikisema "sehemu kadhaa", ni kati ya theluthi moja na mbili. Ikisema "sehemu nyingi", ni zaidi ya theluthi mbili. Nasi wa Kajiado huwekwa katika eneo la nyanda za chini za kusini mashariki, pamoja na Machakos, Makueni, Kitui na Taita Taveta. Kaunti yetu pekee ina zaidi ya kilomita za mraba 21,000, kuanzia vilima vya Ngong vyenye baridi hadi Magadi kunakochoma kama tanuri. Sasa mtu akisema "hapa na pale" katika eneo kama hilo, "pale" yaweza kuwa Voi!

Tatu, utabiri wa msimu hautoi ahadi. Hutaja uwezekano wa mafungu matatu: mvua kuwa juu ya wastani, karibu na wastani, au chini ya wastani. Kama hatujui lolote, kila fungu lina theluthi moja. Wataalamu huangalia joto la bahari ya Pasifiki na la Bahari Hindi, halafu husema ni fungu gani limezidi mengine. Mwaka wa 2022 bahari hizo mbili zilikuwa zimeelekea upande wa ukame. Na je, mwajua kwamba kituo cha ICPAC kinachotoa utabiri huo kwa nchi za Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika kiko Ngong, katika kaunti yetu hii hii? Jibu la swali la babu lilikuwa karibu hivyo, na mimi nikalikata nusu.

Wala tusidhani kwamba ni ukame tu. Aprili na Mei 2024 mito ilivunja kingo zake, nyumba zikaingia maji hapa Kitengela, na shule zote nchini zikachelewa kufunguliwa hadi tarehe 13 Mei. Nilikuwa kidato cha kwanza. Nakumbuka tope letu jeusi likivua watu viatu njiani. Wakati ule pia kulikuwa na watu waliosema, "Aa, wamesema mvua tu, sisi tunaijua mvua." Kila mtu husikia nusu anayoipenda.

Sasa nitaeleza ya mwaka jana, 2025. Jumamosi moja ya Septemba nilikwenda kwa babu. Ng'ombe wake walikuwa wamefika 22. Safari hii nilikuwa nimeunakili utabiri wa vuli kwenye daftari, kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Babu aliketi chini ya mgunga ule ule. Nikamsomea wote, mwanzo hadi mwisho. Kisha nikaokota vijiwe kumi. Nikaweka vitano upande mmoja, vitatu katikati na viwili upande wa pili.

"Babu, utabiri ni kama hivi. Hivi vitano ni mvua kidogo. Hivi vitatu ni mvua ya kawaida. Hivi viwili ni mvua nyingi. Mungu atachukua kijiwe kimoja."

Akavitazama sana. "Kwa hivyo hata wao hawajui."

"Hawajui ni kijiwe kipi, babu. Lakini wanajua ni upande gani uko na vijiwe vingi."

"Na ile ya hapa na pale?"

"Iko. Lakini pale ni wapi, hakuna mtu anajua. Hata mimi sijui."

Hilo neno "sijui" lilinitoka kwa shida kama mfupa wa samaki. Nilipokwisha kulitoa, nikatoa na lile lingine. Nilimwambia kuhusu simu ya baba mdogo, sentensi mbili nilizoruka, na Nyota. Machozi yalinilengalenga. Nilingoja aniinulie fimbo.

Babu alikaa kimya mpaka nikamwona kunguru akitua na kuruka tena. Halafu akasema, "Mimi niko na macho. Hiyo mwaka niliona mbingu ilikuwa nyekundu. Nilijua. Lakini sikutaka kuuza ng'ombe zangu, nilikuwa natafuta mtu ya kuniambia nisiuze. Nikakupata wewe, mtoto." Akavikusanya vile vijiwe kumi akavitia mfukoni. "Sasa usinisomee tena kitu tamu. Nisomee yote."

Wiki iliyofuata aliuza ng'ombe watano, akanunua nyasi na kuzihifadhi. Mvua ya vuli ilinyesha kidogo. Dhoruba moja ya haja ilikuja mwezi wa Novemba ikamnyeshea jirani, ikatuachia upepo. Babu alipiga simu kunieleza, akicheka: "Ile pale tumeiona! Ni kwa jirani!" Ng'ombe walikonda, naam, lakini wote 17 walifika mwaka huu wakiwa wamesimama kwa miguu yao.

Wapenzi wasomaji, wengi wetu ndio tunaosoma nyumbani. Barua kutoka hospitalini tunasoma sisi. Ujumbe wa benki tunasoma sisi. Utabiri wa hali ya hewa tunasoma sisi, tunautoa kwa Kiingereza na kuutia Kiswahili, Kimaasai, Kikamba au Kikuyu. Tunajiona tumefanya kazi ndogo. Kumbe mzee anayetusikiliza ataamka kesho na kuuza, au asiuze. Atapanda, au asipande. Atahama, au abaki pale mtoni. Ukiruka sentensi moja kwa sababu inauma, umemruka yeye.

Na neno la mwisho kwa wachezaji wetu wa kandanda. Ukiuona umeme, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, ugawe kwa tatu. Hizo ndizo kilomita kati yako na radi. Lakini ukishaisikia ngurumo yenyewe, usingoje hesabu zaidi. Acha mpira, usikimbilie chini ya mti, ingia darasani. Radi nayo huanguka hapa na pale, na pale ni wapi, hakuna ajuaye.